Kona ya Hosea Trembath

Hosea Trembath alianza kazi ya njia ya reli mwaka ule treni ya kwanza ilipoingia Cornwall. Miaka thelathini na mitatu baadaye alikuwa nyapara wa watu kumi na wanane, na kona moja kali nje ya Liskeard aliihesabu kuwa yake. Mkewe, Loveday, alisema kona ile ni mke mwenza.

Mei 1892 kampuni ikaamua kuachana na reli pana. Upana wa futi saba upunguzwe uwe chini ya futi tano, kama kwingineko Uingereza, na njia yote, Exeter hadi Truro, ibadilishwe Jumamosi na Jumapili. Jumatatu treni zipite.

Wiki mbili kabla, Hosea aliipima kona yake kwa kamba, akakata vipande vifupi vya reli, vya kuwekwa badala ya vile virefu, akavilaza nyasini.

Bwana Averill, mkaguzi, akacheka. "Mzee, tumeambiwa tusogeze reli, siyo tuikate."

"Ukiisogeza ya nje ije ndani, bwana, njia yake inafupika. Itabaki kama futi nne. Utaziweka mfukoni?"

"Jumapili saa nane mchana kama hujamaliza, naleta genge la Bristol. Na unyapara wako ndiyo basi."

Jumamosi alfajiri walianza: wanalegeza bolti, wanasukuma reli kwa mitaimbo, wanakunywa maji ya shayiri ya kampuni kwenye ndoo. Bia ilipigwa marufuku. Jumapili Digory, mdogo kuliko wote, akaanza kunung'unika.

"Leo siku ya Bwana, nyapara. Mungu ataonaje?"

"Wewe imba tu. Atadhani tuko kanisani."

Wakaimba tenzi, sauti nne, huku nyundo zikilia. Vipande vya Hosea viliingia mahali pake, hakuna kilichozidi hata unene wa kidole. Saa saba wakakaza bolti ya mwisho.

Averill akaja anahema, bila genge. Akapitisha fimbo ya kipimo kona nzima. Kisha akavua kofia.

"Watu wa Bristol wamekwama huko mbele, kona ya pili waliyopewa. Reli imewazidi. Nyapara Trembath, tafadhali, njoo uwaonyeshe."

"Vijana!" Hosea akaita. "Chukueni misumeno. Na ndoo ya shayiri, wale wageni wataihitaji."

Jumatatu asubuhi treni ilizipita kona zote mbili bila kusitasita, na Hosea, ambaye hata kanisani huimba chinichini, akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka.