Bomba Letu Lililovaa Sweta

Harufu ya plastiki inayookwa na jua hunirudisha Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, kwenye kiangazi nilipokuwa na miaka kumi. Bomba la maji la mtaa wetu, jeusi, nene kama kidole gumba, lilishuka kutoka tangi la kilimani na kupita juu ya mwamba usioingia jembe. Hapo lilikuwa uchi. Adhuhuri lililainika kama ndizi mbivu, kiungio kikachomoka, maji yakanywewa na mawe huku sisi tukisubiri chini na madumu makavu. Lilipochomoka mara ya pili, Tumwine, Mnyankole, mwenyeji wa pale aliyelinda maji, alimwambia mama, "Ikitoka tena, mimi nafunga. Maji ya watu inamwagika bure." Kufungwa kulimaanisha kurudi ziwani, mwendo wa saa nzima na dumu kichwani.

Jumapili ile, baada ya ibada, shangazi alipiga simu kutoka ng'ambo, alikohamia mwaka mmoja kabla. "Huku baridi ni mingi," alisema. "Maji inakuwa jiwe ndani ya tiyo, tiyo inapasuka." Tiyo ndilo jina la bomba tulilotoka nalo kwetu Kivu, Kongo. Sisi watoto tulicheka mpaka machozi; tulidhani ugeni umemfundisha uongo. Mama hakucheka. Aliuliza, "Na munafanyaka nini?"

"Tunaivalishaka manguo."

Mama aliuza mitumba, na kila robota lilimletea masweta mazito ambayo Nakivale hayakuwa na mnunuzi. Kesho yake asubuhi alinitwisha gunia la masweta hayo, tukapanda mwambani. Tuliyapasua, tukalizungushia bomba, tukakaza kwa kamba za migomba na kufunika kwa nyasi kavu. Majirani walikuja kutazama, wakicheka. Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Tumwine naye alifika, akaegemeza baiskeli, akainama.

"Mama, hii bomba iko na homa?"

"Hapana, inaogopa jua. Kule bako na baridi, huku tuko na jua, lakini tiyo ni ile ile."

Hakuna aliyeondoka. Jua lilipofika utosini, tulishuka wote mtaani, mama akafungua koki. Maji yalitoka, tena ya baridi. Tumwine alikinga kiganja, akanywa, akapanda baiskeli, akaenda zake. Tulidhani amekasirika. Alirudi na magunia matatu matupu. "Kule juu pia iko uchi," alisema. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Jioni ile mtaa mzima ulikuwa mwambani, waimbaji wa kwaya wakisuka kamba, na kiangazi kikaisha kiungio kikiwa mahali pake.

Leo ninaishi mjini Mbarara, na mabomba yangu yamefichwa ukutani. Ni bora kuliko lile, sitadanganya. Lakini mwezi uliopita maji yalipokatika siku tatu, niligundua kwamba sijui yanatokea upande gani, wala jina la jirani wa kumuuliza. Nikapiga hodi mlango wa pili. Mama mmoja alifungua, ndoo mkononi, akiwa njiani kuja kwangu kuuliza swali hilohilo. Tulicheka pale mlangoni, kisha tukashuka pamoja kutafuta maji.