Sura ya Tisa Haikuwepo, na Hakuna Aliyeuliza

Riwaya yangu ilitoka kwa mchapaji ikiwa na kurasa kumi na sita tupu katikati. Nyeupe pe. Nakala mia moja na sitini zilinunuliwa siku moja, na kwa miezi mitatu hakuna mtu hata mmoja aliyelalamika.

Ngoja nieleze. Najua kuna mwandishi huko anapanga uzinduzi sasa hivi, na anakwenda kufanya ujinga nilioufanya mimi.

Naitwa Mektilda, wengi wananiita Mama Nancy. Nina diploma ya mifugo, naishi Bariadi, kazi yangu ni kuchanja ng'ombe na kugombana na wenye ng'ombe. Hiyo riwaya niliiandika miaka minne, vipande vipande, vyombo vikishaoshwa.

Ni habari za Milembe, mwanamke anayepigwa na mumewe mpaka siku moja anafunga mzigo. Sura ya nane inaishia akiwa amesimama mlangoni, mtoto mgongoni. Sura ya kumi yuko Lamadi, ana cherehani yake. Sura ya tisa ndiyo inaeleza alivyotoka.

Nakala zilipofika sikuzifungua. Nilikuwa nimeichoka ile hadithi kama mtu anavyochoka ujauzito wa mwezi wa tisa.

Soko? Nilifanya tunavyofanya wote. Kamati, kadi, ukumbi, MC, pilau. Kama sendofu ya kumuaga bi harusi. Mtu akipewa kadi lazima aje, na akija lazima anunue, aibu inamshika.

Tajudin mwenye duka la vifaa vya ujenzi alichukua nakala kumi peke yake, akaziinua mbele ya kamera. Mume wangu, Method, alishika maiki akasema kitabu amekisoma mara mbili, na mara zote mbili alilia.

Nikajiona nimefika.

Nakala arobaini zilizobaki nilimpelekea Asumini, anauza vitenge sokoni, aziweke pembeni ya meza yake.

Miezi mitatu baadaye nikawa natafuta kipande cha kuweka Facebook. Nikafungua. Milembe yuko mlangoni. Nageuza, nyeupe. Nageuza tena, nyeupe.

Nikachukua nakala nyingine. Na nyingine. Zote vile vile.

Nikampigia mchapaji. Akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, si tulikutumia sampuli ukasaini?"

Nilisaini. Bila kuangalia.

Nikamfuata Method, anakula.

"Baba Nancy, kwenye kitabu changu, ulipenda wapi hasa?"

"Pale katikati," akasema bila kupepesa. "Pale katikati, mke wangu, uliniweza."

"Katikati wapi?"

"Pale... anapoteseka."

Nikamwekea kitabu kando ya sahani, kimefunguliwa palepale katikati. Akaangalia. Akaendelea kutafuna taratibu.

"Kazi zilikuwa nyingi," akasema.

Sikugomba. Nilichoka. Nikigombana na huyu mmoja, wale wengine nitawafanyaje?

Kwenye kompyuta kulikuwa na muswada wa kitabu cha pili, umekamilika. Nikaamua sitauchapa. Kama hakuna anayesoma, namwandikia nani? Nikaenda kufua.

Nikiwa bado nafua, akaingia uani mwanamke nisiyemjua, mrefu, kashika mfuko wa plastiki.

"Mwangaluka, mayu," akaniamkia kwa Kisukuma, akiniita mama.

"Mwangaluka."

"Wewe ndiye Mektilda wa kitabu?"

"Ndiye."

"Mimi Kabula, wa Sapiwi. Yule mama wa vitenge ndiye kanielekeza." Akatoa kitabu mfukoni. Kona zimekunjamana, jalada lina nyuzi za pamba. "Kurasa zangu ziko wapi?"

Niliziacha nguo zikielea.

"Nimelipa pikipiki kuja hapa," akasema. "Tunakisoma wanawake sita. Mimi nasoma, wenzangu wanachambua pamba. Tumefika mlangoni, umetuacha. Wiki nzima tunagombana. Kuna mmoja hata salamu hanipi."

"Mnagombania nini?"

"Ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

Akaniangalia kama mtu aliyeibiwa mara ya pili.

"Milembe si alitolewa ng'ombe wa mahari? Umeandika mwenyewe, kumi na wanane. Kaka yake akawapokea, naye akawatoa akaoa. Sasa Milembe akimwacha mume, ng'ombe wanadaiwa. Akifika kwao, anayefungua mlango ni mke wa kaka, aliyeolewa kwa ng'ombe hao hao. Alimfungulia au hakumfungulia?"

Nikamletea kiti. Nikaleta kompyuta, nikamsomea sura ya tisa yote, yenye machozi, mwezi, maombi, na machozi tena. Halafu basi, halafu Lamadi.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wifi yuko wapi?"

"Hayupo."

"Na ng'ombe?"

"Sikuwaweka."

"Wewe si ndiye daktari wa ng'ombe?"

"Ndiye."

Akacheka kidogo, akaacha. "Basi hii sura bado haijaandikwa, mayu. Afadhali zile nyeupe."

Aisee, iliuma. Iliuma kwa sababu alikuwa sahihi. Nilimtoa mwanamke kwenye ndoa ya Kisukuma kama mtu anayeshuka kituoni.

Nikamuuliza, "Wenzako wanasemaje?"

"Watatu wanasema alifungua. Wawili wanasema hakufungua."

"Na wewe?"

Akawa ananyoosha kona za kitabu, moja moja.

"Mimi sibishani. Mimi nilimfukuza."

"Nani?"

"Wifi yangu. Alikuja asubuhi, mtoto mgongoni, kama huyo wako. Nikamwambia, kaka yako hayupo, rudi kwako. Alikuwepo. Alikuwa zizini. Niliogopa, ng'ombe wakirudishwa mimi nitakuwa mke wa nini? Akarudi kwa yule mwanamume."

Nikafunga kompyuta.

"Yuko hai?"

"Yupo. Jino la mbele hana. Ndiye huyo asiyenisalimia." Akakiweka kitabu magotini. "Miaka kumi na moja hatujalitamka. Wewe umetufikisha mlangoni, ukatuacha tunatazamana."

Nikamwambia naweza kuandika wifi mwema. Mlango ufunguke, Milembe apewe uji, alale. Watu wangependa.

"Andika nilivyofanya," akasema. "Usinipambe. Nataka nisome mbele yake."

Wiki tatu niliandika. Zikatoka kurasa tisa tu, hakuna mwezi. Nikazichapa steshenari, nikazibana, nikazipeleka Sapiwi siku nilipokuwa na chanjo huko.

Kabula alisoma kwa sauti. Wengine wakichambua, mimi nimekaa kwenye lundo la pamba. Alipofika pale "kaka yako hayupo", akashindwa kuendelea.

Hakuna aliyechambua.

Wifi yake akanyoosha mkono, akazichukua zile karatasi, akamalizia kusoma yeye. Polepole, akifuata mstari kwa kidole.

Hawakukumbatiana. Alipomaliza alimrudishia karatasi, akasema, "Kesho tusome inayofuata." Basi.

Wewe unayepanga pilau na MC, sikia. Kadi inaleta wanunuzi. Wasomaji haileti. Watu wanaokupenda watakiinua kitabu chako mbele ya kamera, kisha watakiweka juu ya kabati kando ya maua ya plastiki. Usiwachukie, ndivyo walivyo, hata mume. Sampuli ifungue kabla hujasaini, ukurasa kwa ukurasa. Halafu peleka nakala kwa mtu asiyekujua wala kukuonea aibu. Akija kwako amekasirika, mwekee kiti.

Muswada wa pili nimeufungua tena. Kwa mchapaji bado. Kwanza naupeleka Sapiwi.