Maneno Ambayo Sinema Haikusema

Muigai alikuwa mtu wa kusimama. Alisimama miaka na miaka nyuma ya kaunta ya duka lake la chakula cha mifugo mjini Eldoret, akiwauzia wakulima wa Moiben na Soy chakula cha ng'ombe na dawa ya kupe, na hata kanisani alipenda kukaa karibu na mlango ili apate kisingizio cha kusimama. Kwa hiyo rundo la magunia lilipomporomokea dukani na kumvunja mguu, mkewe Nyakio alisema Mungu ameamua kumkalisha mwenyewe. Hakusema kwa ubaya.

Akakaa kweli. Plasta ilimfika pajani, na kochi likawa ndilo shamba lake. Binti yao Janice, aliyekuwa bado chuoni, alimwonea huruma, akaenda kwa duka la muvi akajaziwa flashi. Kumbe runinga yao nzee ilikuwa na kiburi chake. Kati ya muvi zote zilizokuwemo, ilikubali kufungua moja tu, ya kikosi cha mashujaa wanaoungana kuokoa mji. Basi ikawa ni hiyo, asubuhi na jioni.

Haikuwa ya Kiingereza. Ilikuwa imetafsiriwa na mmoja wa wale ma-DJ wanaozungumza juu ya picha, wakiwasemea watu wote kwa sauti moja na kuwapa majina ya nyumbani. Jitu lililoinua malori kwa mkono mmoja, DJ alilibatiza Kamande. Mwanamke aliyeamuru maji akawa Amondi wa Ziwa. Yule mwenye mbio aliitwa Kiprono, kama mkimbiaji yeyote wa Eldoret, na hapo DJ hakujisumbua hata kufikiri. Wote watatu walikuwa watoto wa mama mmoja. Mama huyo aliwazaa vipi, DJ hakueleza, na Muigai hakuuliza.

Sinema ya namna hiyo ukiitazama mara ya kwanza unaona ngumi. Muigai aliziona, akafurahi mpaka mguu ukamuuma. Lakini kadiri ilivyorudiwa, ngumi zikaanza kuwa ndefu bure. Maghorofa yaleyale yalianguka upande uleule, naye kwa kuwa alijua bei ya saruji, aliumia kuliko walioangukiwa. Mkuu wa maadui, aliyemtisha wiki ya kwanza, akawa kama mteja msumbufu ambaye ukimwona tu mlangoni unajua atasema nini. Vita vikianza, Muigai alimwita Nyakio amletee chai. Kilichokataa kuchakaa kilikuwa kingine kabisa. Ni pale mashujaa walipogombana juu ya nani aongoze, na pale walipokaa mezani baada ya kushindwa, sahani zimejaa, hakuna anayemtazama mwenzake. Hapo chai ilipoa mkononi mwake.

Sababu aliijua vizuri. Alikuwa na kaka, Kuria, mkulima wa viazi kule Timboroa. Mama yao alipougua, Muigai alimleta mjini akamuuguza hadi pumzi ya mwisho, na Kuria akafika mama akiwa ameshakufa. Watu walisema alikuwa amebanwa na mavuno. Siku ya mazishi, mbele ya mchungaji na waombolezaji wote, Muigai alimuuliza mkubwa wake, "Ulikuwa wapi?" Hakungoja jibu. Ulimi hauna mfupa. Akaongeza na mengine ambayo mtu hamwambii kaka yake. Kuria alichukua kofia yake akaondoka. Ndugu wakigombana, wahenga walisema, shika jembe ukalime. Wakipatana shika kapu ukavune. Majirani walilima, wakavuna, wakalima tena, na hao wawili hawakusalimiana.

Sasa, karibu na mwisho wa ile sinema, Kiprono anaangukiwa na ukuta. Anamwambia Kamande amwache, akimbie aokoe roho yake. Kamande anainama juu yake na kusema, "Nikikuacha hapa, mama ataniuliza nilikuwa wapi."

Siku za kwanza Muigai aliyacheka maneno hayo, maana DJ aliyasema kwa madaha. Halafu asubuhi moja, Nyakio akiwa sokoni, yalimgeukia. Swali lile alikuwa amemtupia Kuria na kuliacha huko. Hakuwahi kuwazia kwamba mama angeweza kumuuliza na yeye. Mtu mzima akalia peke yake, mguu juu ya stuli. Akachukua simu.

"Kuria," alisema, "kuna mtu kwa sinema amesema akimwacha ndugu yake, mama atamuuliza alikuwa wapi."

Kule Timboroa, jembe lilisikika likiwekwa chini.

"Nimesikia ulivunjika mguu," Kuria alisema.

"Ndio."

"Nakuja Jumamosi."

Alikuja, na gunia la viazi. Wakala, wakazungumza habari za mvua na bei ya mbolea, na mazishi hayakutajwa hata kidogo. Muigai hakuona haja ya kuyataja. Alikuwa amerudishiwa ndugu, na shukrani ilimjaa kifuani. Tangu siku hiyo, kila alipoombea chakula alimtaja na yule DJ, bila jina kwa sababu hakulijua. Nyakio alizoea, kama wake wanavyozoea mengi.

Mguu ukapona. Janice akamaliza chuo, akapata kazi, na mshahara ulipomkaa mkononi akawanunulia wazazi wake runinga kubwa ya kutumia intaneti. Kuria alipokuja kulala mjini, Muigai hakumpa nafasi hata ya kuvua koti. Leo, alimwambia, utaiona hiyo sinema kwa macho yako. Janice akaitafuta, akaipata ikiwa safi kabisa, ya Kiingereza, haina DJ.

Walitazama. Maghorofa yalianguka kwa ukubwa zaidi na kwa urefu uleule. Kuria, ambaye hakuwa mtu wa sinema, alisinzia kidogo. Ukuta ulipomwangukia mwenye mbio, Muigai alimgusa goti.

"Sikiza sasa."

Jitu liliinama, likasema kitu kifupi.

"Amesemaje?" Muigai alimuuliza binti yake.

"Ati wafunge hiyo gate haraka, maadui wengine wanakuja."

"Na mama?"

"Mama gani, Dad?"

"Rudisha nyuma."

Janice akarudisha. Lango lilikuwa palepale, na mama hakuwepo. Akarudisha tena, na tena.

"Dad, hiyo kitu haiko," alisema kwa upole. "Hawa hata si ndugu. Wamejuana tu kazini."

Kaka yake Muigai alikuwa mtu asiyependa uongo hata wa mzaha, na udugu wao wote uliorudi ulikuwa umejengwa juu ya sentensi ambayo mtu fulani alijitungia ili watazamaji wacheke. Aliogopa kumtazama. Aliogopa kwamba Kuria angeinuka aende zake kama siku ile, na safari hii asirudi.

"Kwa hivyo sinema haikusema," Kuria alisema.

"Ni DJ alijiongezea. Sikujua, haki."

Kuria alijikuna kidevu. "Mimi sikuwahi amini ni sinema. Nilimwambia mama watoto, huyu Muigai ameshindwa kusema pole, sasa amejificha nyuma ya muvi. Nikasema, hata hiyo imemtoka na jasho. Wacha niende."

Njia rahisi ilikuwa hapo, imefagiliwa. Muigai angenyamaza tu, achukue sifa ya maneno mazuri ambayo hakuyatunga, na mambo yaishe salama.

"Hapana," alisema. "Hayakuwa yangu. Mimi pole sijawahi kukuambia."

"Najua."

"Nilikuaibisha mbele ya watu, siku ya kumzika mama. Nilikuuliza swali na sikutaka jibu. Nisamehe, Kuria."

Janice alizima sauti ya runinga. Kuria alikaa akitazama mikono yake, ile ya mkulima, kucha zimeshika udongo wa Timboroa.

"Nilikuwa shambani," alisema polepole. "Hakukuwa na mavuno, viazi vilikuwa vimeisha. Nilikaa tu hapo kwa ukingo kutoka asubuhi. Niliogopa, Muigai. Nilijiambia nisipofika, mama bado yuko."

Muigai alisogea kwenye kochi mpaka mabega yao yakagusana, akaushika mkono wa kaka yake, kitu ambacho hawakuwa wamefanya tangu wakiwa watoto. Walikaa hivyo hadi Nyakio alipoleta mukimo na kuku, akawaona, akaweka sahani mezani bila kuuliza.

Muigai akaombea chakula. Alishukuru kwa kuku, kwa mikono iliyompika, kwa binti mwenye kazi, kwa mguu uliovunjika na kwa kaka aliyekaa kando yake. Alipofika kwa DJ akasita, kwani sasa alimjua ni mtu wa namna gani.

"Na huyo mwongo, Mungu," Kuria akamalizia, macho yamefumbwa, "umbariki sana. Amina."