Kiti cha Kijivu cha Ragnfrid

Ragnfrid, dereva wa basi mstaafu wa mji wa Tromsø nchini Norwe, alichoshwa na kiti cha ngozi kilichomnata mgongoni kila alipocheza michezo ya kompyuta. Asubuhi moja akaenda dukani kutafuta cha kitambaa. Alijaribu vitatu. Cha nne, cha kijivu, kilimfaa mgongo barabara, ila kilikuwa na joto, kana kwamba mtu ameinuka sasa hivi.

“Nani alikuwa amekikalia?”

“Hakuna, mama. Wewe ndiye mteja wa kwanza leo.” Muuzaji akakigusa, akaurudisha mkono upesi. “Chukua kingine, tafadhali.”

Ragnfrid alikuwa akiishi peke yake kwa mwaka wa tisa sasa. Akachukua kile kile. Hadi leo hakijapoa, na kabla ya kukaa husema taratibu, “Nipishe kidogo, mwenzangu.”