Wa Mwisho Kukimbia

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa chuma. Mchungaji wa parokia, mzee mrefu asiyependa maneno mengi, alinipeleka kwa miguu mpaka kwenye kikanisa cha udongo kando ya Ziwa Tanganyika, kusini mwa mji wa Baraka, akanionyesha jante iliyoning'inia kwenye boriti mbele ya mlango. Jante ni ile duara ya chuma ya gurudumu la lori. Kwetu ndiyo kengele.

"Hii njo sauti yako, Mama," alisema kwa Kiswahili cha kwetu, ambako "ndiyo" ni "njo". "Ukipiga polepole, ni ibada. Ukipiga mbio mbio, ni kukimbia. Na ujue neno moja: muchungaji anakimbiaka wa mwisho."

Nikajibu "Ndiyo, Mchungaji" kwa wepesi wa msichana mwenye magoti mazima. Tangu siku ile sikulala tena usingizi mzito. Hata nikiwa nimechoka namna gani, sikio lilibaki nje kwenye boriti.

Ninyi vijana mnaoingia kazi hii mnaniita Mchungaji, lakini mimi niliianza nikiwa mwinjilisti, na mwinjilisti hajawekewa mikono. Maana yake anahubiri, anafundisha, anapatanisha mume na mke, anazika. Kubatiza na kumega mkate wa Meza ya Bwana haruhusiwi mpaka wakubwa wamwekee mikono kichwani. Wanaume niliosoma nao shule ya Biblia waliwekewa wote mapema. Mimi kila nikiuliza naambiwa, "Mama, subira." Subira huvuta heri, wanasema. Yangu ilivuta mvi.

Baadaye walinihamishia Misisi, kwa wachimba dhahabu. Huko mtu anakuja ibadani na matope ya shimo mpaka kwenye kope, na Jumapili inayofuata yuko shimo lingine. Nilihubiria watu wasiorudi, nikalima mihogo yangu mwenyewe ili nile, na nilipoanza kuzoea wakanirudisha ziwani, kwa kuwa aliyeshika nafasi yangu huko alikuwa ameondoka bila kuaga.

Nilikuta nusu ya mabenchi yamekaliwa na wakimbizi wa Burundi. Mmoja wao alikuwa Bibi Consolata, mjane ambaye miguu yake ilikuwa imekufa ganzi. Majirani walimbeba kila Jumapili. Alisoma mafundisho ya ubatizo mpaka akawa anawasahihisha wenzake, lakini wa kumbatiza hakuwepo. Mchungaji Msimamizi, mkubwa wetu wa wilaya, alikaa Baraka. Mara barabara imeharibika, mara kuna habari za vita, mara yeye mwenyewe anaumwa. Bibi akazidi kukonda na kukohoa.

"Mama," aliniuliza siku moja, "mi nitakufa mupagani sababu ya barabara mubaya?"

Nilikwenda nyuma ya kanisa nikalia kwa hasira.

Hatimaye Msimamizi alikuja, kwa mtumbwi wa injini, asubuhi yenye jua. Tulimkalisha Bibi Consolata ukingoni mwa maji, juu ya kigoda, amevaa kitambaa cheupe. Mzee Eliya, mzee wa kanisa na mpigaji wetu wa jante, alipoona joho la Msimamizi likitoka kwenye mfuko, furaha ilimpanda mkononi. Akapiga jante kama ngoma ya arusi.

Mbio mbio.

Watu wetu wamekimbia mara nyingi mno; hawaulizi. Akina mama walifunga watoto mgongoni, sufuria zikapanda vichwani, kijiji kikaingia mashamba ya mihogo. Nilipiga kelele, "Hakuna kitu! Ni Eliya!" Nani asikie? Eliya mwenyewe, alipoona watu wanakimbia, alitupa chuma cha kupigia akakimbia pia, akiukimbia mlio wake mwenyewe. Na Msimamizi, joho likiwa limeingia mkono mmoja tu, alinipita. Mwendeshaji alikuwa ameshawasha injini. Mtumbwi ukaenda zake.

Tukabaki wawili, mimi na Bibi Consolata.

"Ule muchungaji iko wapi?" aliuliza.

"Amekimbia, Bibi."

"Na we?"

"Mi niko hapa."

"Basi maji iko, we uko, mi niko. Unangoja nani tena?"

Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa baraza la wachungaji. Wangeweza kunifukuza, na kazi nyingine sikuijua, wala sikutaka kuijua. Lakini nilimtazama yule mama anavyohema, nikajua kwamba msimu mwingine hana. Nilimbeba, mwepesi kuliko mzigo wa kuni, nikaingia naye ziwani mpaka kiunoni, nikambatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Alipotoka majini alicheka na kukohoa pamoja. Kisha nilipanda nikapiga jante polepole, na watu wakarudi wakitoka mihogoni, wakitazamana kwa aibu.

Baraza liliniita Baraka. Msimamizi aliuliza, "Nani alikupatia ruhusa?"

"Muchungaji, niligeuka nikuulize," nilisema. "Ulikuwa mu mutumbwi."

Wazee walitazama dari. Waliamua nikae benchi la nyuma, nisihubiri mpaka watakaponiita, na ubatizo wa Bibi urudiwe. Bibi alipopelekewa habari hiyo alisema, "Maji ya Tanganyika njo ile ile. Nirudilie nini?"

Alikufa kabla mvua hazijakwisha. Msimamizi alikuja kumzika, safari hii kwa miguu, viatu vikiwa matope matupu, na mbele ya kaburi alimwita dada yetu aliyebatizwa. Hakunitazama aliposema hivyo. Muda si mrefu aliniita kanisani Baraka, akaniwekea mikono. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo miaka yote ile, na ilipofika nilichokitaka zaidi ni kuketi.

Nilibatiza wengi baada ya hapo, na maji ya asubuhi yakamalizia magoti. Nilipostaafu walinipa kitenge na hotuba ndefu. Kazi alipewa Mchungaji Neema, binti aliyewekewa mikono mapema, asante Mungu. Ninakaa nyumba ya pili kutoka kanisani.

Majuzi jante ililia mchana. Mbio mbio. Njia ilijaa watu na mikeka. Safari hii mimi ndiye niliyekuwa kigodani, miguu haitaki. Nikamwona Neema akija kinyume na watu, ndala mkononi, akaketi kwenye kizingiti changu.

"Kimbia, mwanangu," nilimwambia. "Mi nimezeeka."

"Bapite kwanza, Mama," alijibu. "Mi niko wa mwisho."

Mpaka leo sijauliza kama ilikuwa vita au ni mkono wa mtu mwenye furaha. Mgongo wa Neema ulikuwa umejaza mlango mzima. Niliegemea ukuta, nikafumba macho, na pale pale, katikati ya makelele, usingizi mzito ukanichukua.