Ordella Alivyopelekwa Hospitali kwa Gari la Maiti

Ordella Tackett alikuwa mpishi wa shule huku kwetu milimani Kentucky, na kiburi chake kilikuwa kimoja tu: haugui. Si kwamba mwili wake ni chuma. Alikataa tu. Bima ya wazee ya serikali humpokea mtu akitimiza miaka sitini na mitano, naye alikuwa bado. "Nikifika huko nitaugua mpaka mnichoke," aliwaambia watu kanisani.

Basi Jumamosi moja akateleza barazani na sufuria ya maharage, mguu ukavunjika kah! kama kuni kavu.

Jirani yake Delmer Stamper, ambaye kazi yake ni kuzika watu, akaja mbio na simu mkononi.

"Usithubutu kuita gari la wagonjwa!" Ordella akafoka. "Watanipeleka hospitali ya hapa karibu, na bima yangu ya shule haiitambui. Inayoitambua iko ng'ambo ya mlima."

"Sasa twende na nini, dada? Lori langu bovu."

"Na lile jeusi?"

"Ordella! Lile la maiti!"

"Lina pa kulala, au halina?"

Akalazwa nyuma, maharage yamejaa nyweleni. Njiani wakabishana.

"Serikali ingetupa sote bima moja, tangu kuzaliwa, hospitali yoyote," akasema Ordella.

"Kodi zitatuua."

"Na wewe unalalamika? Si ndiyo riziki yako!"

Sasa huku kwetu gari la maiti likipita, wenye magari huegesha pembeni na wanaume huvua kofia. Wakaegesha. Ordella ana adabu zake, akawapungia mkono dirishani. Mwenye trekta mmoja akaingia mtaroni. Waliokuwa nyuma hawakuuona mkono huo. Wakawasha taa, kama desturi ya mazishi, wakafuata, maana msafara mfupi ni aibu kwa marehemu.

Kwenye mapokezi ya hospitali, muuguzi akamfunga ubao mguuni, na binti wa mezani akatazama kompyuta. "Mama, kupasuliwa kunataka kibali cha bima. Nimewapigia, wanasema labda Jumatatu."

"Jumatatu mfupa utakuwa umeshaunga upande! Nitatembea kama kaa?"

Hapo wale wa msafara wakaingia, kofia mikononi. "Marehemu yuko wapi?"

"Mimi hapa. Nasubiri kibali."

Wakatazamana. Kwa kuwa walikuja kuimba, wakaimba, wimbo wa kaburini, sauti zote nne. Simu ya bima ilikuwa bado wazi mezani.

"Jamani, kuna nini huko?" sauti ikauliza. "Mteja wetu amekufa?"

Delmer akaishika simu. Sauti yake ya kazini ni ya pole, inatisha. "Bado, bwana. Lakini mimi nimeshafika na gari."

Kibali kikatoka kabla ubeti haujaisha. Ordella akasukumwa kwenda kupasuliwa, na mlangoni akageuza kichwa.

"Nyie wa sauti ya chini," akasema, "mmenizika vibaya sana. Mkafanye mazoezi."