Babu Aliyewaachia Perege

Juzi sokoni Ifakara muuza samaki aliniongezea perege mmoja wa bure, nikamrudishia. Akaniangalia kama niliyemtukana. Yeye nilishindwa kumweleza, lakini wewe nitakueleza.

Miaka ya tisini, wazazi wetu walipokwisha kufariki, mimi mkubwa niliacha shule darasa la sita nikawalea wadogo zangu watatu pale Lipangalala. Mpunga tulikuwa nao. Kilichotutesa ni kitoweo: matembele mchana, matembele jioni, mpaka kitindamimba wetu akawa anakula wali mkavu huku akilia.

Kiangazi kimoja jirani yetu mzee alirudi nyumbani, amestaafu kazi za miwa huko Kidatu. Alikuja na fimbo nyembamba ya kuvulia na ndoano alizozifunga manyoya ya jogoo zikafanana na wadudu. Kila asubuhi alisimama mtoni Lumemo, maji magotini, akirusha mshipi mbele na nyuma, ukivuma taratibu juu ya kichwa chake. Akinasa perege alimchomoa ndoano polepole, akamshikilia majini mpaka apate nguvu, akamwachia. Wageni aliofanya nao kazi ndio waliomfundisha mchezo huo.

Sisi tuliokuwa tukifua jirani naye tulicheka mpaka machozi.

"Babu, huyo naye umemkosea nini mpaka anaondoka?" mama mmoja alimtania.

"Nimempa likizo," akajibu. "Mimi mwenyewe niko likizo. Nimeamshwa na king'ora maisha yangu yote."

Nilicheka na wenzangu, lakini macho yangu yalimfuata kila perege mpaka alipopotea. Siku moja alimwachia mmoja mnene, nikasikia mdomo wangu unasema, "Shikamoo babu. Huyo si ungeniachia mimi? Watoto nyumbani hawana kitoweo."

Kicheko kikakatika. Yule mama akainamia nguo zake. Nilitamani maji yanifunike. Mzee hata shikamoo hakuitikia. Aliangalia viganja vyake vitupu kama mtu aliyefumaniwa.

Tangu hapo alituletea samaki mlangoni, wametungwa kwenye unyasi. Tulikaanga, tukaunga kwa nyanya, na mtoto akaacha kulia. Ila mtoni mambo yalibadilika. Mzee aliwahi kabla hakujapambazuka, akanuna samaki wasiposhika ndoano. Siku asizopata kitu alipitia nyuma ya nyumba yetu ili tusimwone. Baadaye aliyaacha manyoya akavua kwa minyoo, kisha kwa wavu. Hakuna aliyemtania tena. Mvua zilipoanza, magoti yake yalikuwa yamevimba.

Alishafariki. Pale alipokuwa akisimama pamejaa mchanga, na akina mama wale wametawanyika, kila mmoja na mji wake. Wadogo zangu ni watu wazima wenye afya. Shida ile ikirudi leo, nitaomba tena, tena mbele za watu, na hilo ndilo linaloniinamisha kichwa. Mzee wa watu alikuwa amestaafu. Mimi nikamrudisha kazini.